Pwani Zetu za Pemba: Nani Aende Wapi, na Siku Gani?

Ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Maskati, na hata wageni wasio na jamaa huku, hutuuliza swali moja: pwani nzuri Pemba ni ipi? Hili ni kama kumwuliza mshoni kanzu nzuri ni ipi, bila ya kumwambia mvaaji ni mtu mzima au mtoto. Leo twapenda kulijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu tumeona watu wengi wakienda mahali pasipowafaa, au mahali pawafaapo lakini kwa saa isiyofaa. Na hili la pili ndilo lenye hatari zaidi.

Kwanza ijulikane kuwa kisiwa chetu si kama Unguja, ambako upande wa mashariki mchanga mweupe umeenea masafa marefu. Sehemu kubwa ya ukingo wa Pemba ni mikoko, matope na majabali. Pwani za mchanga ni chache, na baadhi yake hazifikiki ila kwa chombo.

Mwenye watoto wadogo, kabla ya kuchagua pwani, na achague siku; na kalenda ya kuitazama ni ileile aitumiayo kwa funga na Idi. Bahari yafuata mwezi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi saba au nane, na tena ishirini na mbili au tatu, huwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake.

Sasa zitazame Idi zetu mbili. Idi ya Mfunguo Mosi huangukia bamvua. Asubuhi, baina ya saa nne na saa tano, maji huwa yamekupwa mbali, na mtoto aweza kutembea akiokota makombe. Lakini watu hawaendi pwani saa hiyo. Wamo katika kupeana mikono na kula. Huondoka nyumbani baada ya Alasiri, wakafika baina ya saa kumi na saa kumi na moja, na hapo maji yamejaa tele. Palipokuwa mchanga mkavu asubuhi pamekuwa na kina cha kumfunika mtu mzima. Idi ya Mfunguo Tatu, kwa kuwa ni mwezi kumi, huwa karibu na maji mafu: maji hujaa kiasi cha adhuhuri, na alasiri huwa yaondoka polepole. Jamaa ni ileile, pwani ileile na saa ileile, lakini bahari ni mbili mbalimbali. Saa hizi ni za kukadiria. Mvuvi yeyote utakayemkuta atakupa saa yenyewe, nawe mwulize kabla ya kuwavua watoto viatu. Kisha mmoja katika wakubwa na asiwe na kazi nyingine yoyote, si ya chungu wala ya mazungumzo, ila kuwahesabu watoto.

Kuna nyumba ambazo haziendi pwani kabisa. Twazijua, na twazijua sababu zake. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikija huku kwetu, wako akina mama wasiotaka mtoto aguse maji ya chumvi. Hatuwezi kumlaumu aliyefiwa. Ila watu wa kisiwa hawana njia ya kuiepuka bahari; mtoto huyo huyo kesho atapanda chombo kwenda kusoma au kutafuta riziki. Kwa hiyo kumfundisha kuogelea twakuona ni katika malezi, na wakati wake ni maji mafu, na mahali pake ni pale maji yanapomfika kifuani na chini pana mchanga mtupu.

Mahali pa namna hiyo ni Wambaa, kaskazini ya bandari ya Mkoani. Pwani hiyo yaelekea magharibi, na kisiwa chenyewe huikinga na upepo wa kaskazi. Wazee nao wafaa kupelekwa huko, maana jua hutua mbele yao.

Wanaotaka nafasi, hasa akina mama wapendao kukaa mbali na macho ya watu, na waende Vumawimbi. Njia yatoka Konde na kupita ndani ya msitu wa Ngezi, wenye miti mirefu na kivuli kizito, kisha ghafula waona weupe wa mchanga. Pwani ni ndefu kiasi kwamba jamaa tatu waweza kukaa wasisikilizane. Maduka hapana, basi maji ya kunywa na chakula chukua kutoka nyumbani. Lakini jina lake lisikupite bure: katika miezi ya kaskazi upepo huijia usoni, na mawimbi huvuma kweli. Ukiikuta imechafuka, vuka rasi uende Panga ya Watoro, upande wa magharibi, utakuta maji yametulia. Kwenye ncha ya rasi hiyo, Kigomasha, umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900.

Upande huo huo ndiko wanakokwenda wapiga mbizi, kwa kuwa mkondo wa Pemba una kilindi cha mamia ya mita na kuta za matumbawe zilizojaa samaki. Mwaka 2013 hoteli moja ya huko ilitengeneza hata chumba cha kulala kilicho chini ya maji. Ni ufundi mkubwa, ila mwenye watoto saba hana haja nacho.

Mgeni asidhani kuwa pwani aliyoikuta tupu haina watu. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara katika visiwa vya Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Bamvua likikupwa, saa ambayo wewe waona ni ya kutembea, wao ndiyo saa yao ya kazi, wameinama majini mpaka maji yarudi. Zile kamba na vijiti ndiyo shamba. Usizikanyage, usiwapige picha bila ya idhini, na usipite mbele yao nusu uchi; hata asiye wa dini yetu hujifunika aingiapo uwanjani kwa mtu.

Mpenda historia na apande chombo Wesha, aende Ras Mkumbuu akaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita, kisha avuke mpaka Misali. Wazee wasimulia kuwa Hadhrat Khidhri alifika huko akaomba msala, usipatikane, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala, kwa jinsi kinavyoelekea kibla. Mwaka 1998 kisiwa kiliwekwa chini ya hifadhi, na baadaye walimu wa dini wakashirikishwa kuwafunza wavuvi kutoyaharibu matumbawe. Kasa hupanda kutaga mchangani, na wavuvi huweka dago. Kuna ada ya kuingia. Patana na nahodha saa ya kurudi kabla hamjang'oa nanga, na uihesabu kwa maji, si kwa jua peke yake, kwani Wesha yakikupwa sana mtashuka matopeni na vikapu vichwani.