Mkono wa Mlango wa Peugeot ya Baba

Februari mwaka jana nilirudi Doha kutoka Tanga na sanduku zito kuliko lile nililoondoka nalo. Mke wangu alidhani nimeleta samli na korosho. Alipolifungua akakuta soksi zangu zimefunga vyuma: mikono minne ya milango, vifuniko vya magurudumu, nembo ya simba, fremu za taa za nyuma, na kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu. "Ndiyo zawadi ya watoto hiyo?" akaniuliza.

Vyuma hivyo ni vya Peugeot 404 ya baba. Alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1974, akatuzungusha nalo sote, shuleni, harusini na msibani. Ufaransa walilitengeneza gari hilo kuanzia 1960 hadi 1975, na bodi yake ilichorwa na Pininfarina, wale Waitaliano. Lakini wazee wa rika la baba wanalijua kwa Safari Rally. Lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Baba akianza kusimulia ule wa 1966, utadhani alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Gari lilikuwa limelala chini ya mwembe miaka mingi. Fundi mmoja wa Ngamiani alishaifufua injini, na rangi ilishapigwa. Vilivyobaki ni vile vya kung'aa, ambavyo upepo wa bahari ulikuwa umevitafuna. Na haraka ilikuwepo: baba ana presha ya macho, na daktari alishamwambia kuwa nuru iliyopotea hairudi. "Nataka nilione likiwa zima," aliniambia, "wakati bado naona kivuli chake."

Dada yangu, anayeishi naye, hakufurahi. "Kaka, paa la jiko linavuja, na wewe unang'arisha vitasa?" Nilinuna siku mbili, kisha nikatuma pesa za mabati kwanza. Alikuwa na haki. Vyuma vikakaa chini ya kitanda changu hadi Mei.

Nilidhani kazi yenyewe itakuwa nyepesi. Doha ni mji wa magari bwana, na kule Sanaiya, yaani eneo la viwanda, kuna mitaa mizima ya mafundi. Nilipata karakana inayochovya vyuma kromu, nikaacha mikono miwili ya milango ya nyuma kama jaribio. Baada ya wiki nikaitwa. Ilikuwa inang'aa kama kioo, lakini haikuwa ile. Kingo zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, na ule mstari mwembamba unaopita katikati ulikuwa umefutika. Mmoja ulikuwa umepungua unene kiasi kwamba sikio la kupachikia skrubu lilipasuka nilipoujaribu. Nilipolalamika, msimamizi aliniuliza kama nilitaka ung'ae au nilitaka ubaki mchafu. Nililipa, nikaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, na nilianza na sumaku ya friji. Mwanangu wa miaka kumi na moja, aliyezaliwa hapa na ambaye gari la babu yake hulijua kwa picha tu, ndiye aliyegundua kuwa sumaku inashika vifuniko vya magurudumu lakini haishiki mikono ya milango. Maana yake vifuniko ni chuma, na mikono ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Asidi inayosafisha chuma huila zinki, na kutu ya zinki haikai juu tu. Huchimba vishimo chini ya kromu mpaka juu panavimba vipele. Fundi mwenye haraka hukata vishimo hivyo kwa kusugua, na umbo linakwenda pamoja navyo. Fundi mwenye subira huchovya shaba, akajaza, akasugua, akachovya tena. Juu ya shaba inakuja nikeli, na mwisho kabisa kromu, ambayo ni nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia. Ule mng'ao tunaousifia kwa kweli ni wa nikeli iliyo chini; kromu inaulinda tu na kuutia ubuluu kidogo.

Ijumaa moja tulikwenda makumbusho ya Sheikh Faisal, nje ya mji upande wa Al Shahaniya, ambako kuna magari ya zamani mengi. Tuliangalia vitasa peke yake, watu wakitushangaa. Mwanangu aliuliza mbona vyuma vya magari mengine vina rangi ya joto, karibu na manjano. Ni nikeli tupu, nikamwambia. Kromu ilikuja kuenea kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1920. Nilijisikia profesa.

Kupata mikono mingine miwili ndiko kulikonisumbua. Hapa Doha ukitaka spea ya Land Cruiser ya zamani utaipata kabla chai haijapoa, ila 404 hakuna anayeijua. Niliagiza Ulaya miwili mipya ya kuiga. Ilifika ikiwa myepesi mkononi, imechongoka pasipotakiwa, na kibonyezo kiligoma kurudi. Mwishowe muuzaji wa Ufaransa akaniuzia miwili iliyotolewa kwenye gari lililokufa, yenye vipele kibao, na bei yake ilizidi ile mipya. Niliilipa bila kulalamika, ingawa kwa mke wangu nilitaja nusu tu. (Mama Salma, ukisoma hapa, tutazungumza.)

Safari hii nilikwenda kwa fundi mzee wa Kerala, mtaa mwingine wa Sanaiya. Kabla ya kugusa chochote alichukua kalamu akazungushia duara kila mstari na kila kona isiyotakiwa kuguswa. Mwanangu nilimwacha nje ndani ya gari na mama yake, kwa sababu mvuke wa maji ya kromu ni sumu ya mapafu; mzee mwenyewe hafanyi bila barakoa. Alitaka wiki sita. Nikampa.

Skrubu tulizichambua wenyewe, mezani, jioni baada ya kazi ya shule ya mtoto. Peugeot hupimwa kwa milimita, na kwenye kopo la baba tulikuta za inchi zilizotoka kwenye Land Rover, za Datsun, na moja ambayo naamini ilikuwa ya kitanda. Mafundi wa miaka hamsini walikuwa wamejaza kilichopatikana. Za asili zilitimia kumi na tisa.

Uliobaki ulikuwa mkono mmoja, wa mlango wa dereva. Huo kromu yake ilikuwa imelika mahali pamoja tu, kwa ndani, pale pete ya baba ilipokuwa ikigusa kila anapofungua. Palikuwa pamebaki shaba, pamelainika. Mzee wa Kerala alishauzungushia kalamu. Nikampigia baba.

"Baba, huu wa kwako nao tuuchovye?"

Akanyamaza kidogo. "Wa upande wangu?"

"Ndiyo."

"Una pale penye pete?"

"Upo, baba. Shaba inaonekana."

"Basi mwanangu, huo osha tu kwa sabuni. Nitaujuaje mlango wangu?"

Nikamwambia fundi aufute wino. Alinitazama, akatikisa kichwa kwa ile namna yao ambayo hujui kama ni ndiyo au hapana, akaniuliza bei ipunguzwe kwa kiasi gani.

Tunasafiri mwezi ujao, sote wanne. Mwanangu ameomba azifunge skrubu yeye. Dada ametuma ujumbe: paa halivuji tena, na kama kwenye sanduku kuna nafasi, anahitaji bomba la sinki la jikoni.