Kina Wang wawili na mjomba wangu

Wiki iliyopita sikuandika kitu, niwieni radhi. Nilikuwa nyumbani Mokowe, na huko nilikuta shauri. Binti wa mjomba wangu amemaliza shule, anataka kwenda kusoma Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi (ilianza 2005, ya kwanza Afrika). Mjomba hataki.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye digrii. Hicho Kichina kitamlisha?"

Jibu la haraka liko Kililana, si mbali na kwetu: Bandari ya Lamu, iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa Mei 2021. Atakuwa mkalimani! Lakini hilo mjomba alishalisikia, na kusema kweli kazi za ujenzi huisha.

Basi nikamsimulia aibu yangu. Chuoni nilisoma Kichina muhula mmoja nikaacha, nikiona kinanipotezea muda wa kompyuta. Baadaye nikamwandikia mfanyabiashara mmoja programu ya kumbukumbu za wateja, baadhi yao Wachina. Fomu yangu ilikuwa na visanduku viwili, jina la kwanza na jina la ukoo, kwa herufi za Kilatini tu. Wachina hutanguliza ukoo, kwa hiyo wengine walijaza kwa mpangilio wa kwao, wengine wakageuza. Vurugu tupu.

Halafu wakaja kina Wang. Kwa Kichina mmoja huandikwa 王 na mwingine 汪. Ni koo mbili tofauti, hata sauti hazifanani: ya kwanza hupanda, ya pili hubaki juu. Kwangu wote ni Wang, nami nilikuwa namtambua mteja kwa ukoo na herufi ya mwanzo ya jina lake (msinicheke). Programu ikawafanya mtu mmoja. Deni la huyu likaenda kwa yule, na mimi siku nne natenganisha hesabu kwa mkono, bila malipo.

Nilipokuwa narekebisha ndipo nikashtuka. Watu wa Mokowe wenyewe hawaenei katika fomu ile! Kwetu mtu ni fulani bin fulani. Ninachokijaza kwenye "jina la ukoo" ni jina la babu yangu tu, na nimekijaza tangu shule ya msingi bila kujiuliza fomu hiyo ilitungwa kwa ajili ya nani. Ningemaliza Kichina changu, ningeliona hilo darasani mapema. Sasa naweka kisanduku kimoja cha jina kamili, kingine cha jina la kuitwa, kila mteja na namba yake, na maandishi yote UTF-8.

Mjomba akacheka. "Kwa hiyo asome Kichina amjue babu yake?"

Bado hajakubali, na karo ni yake. Ila aliponisindikiza gatini aliniuliza Wachina huandikaje "Mokowe". Nikamwambia amuulize binti yake.