Uvira: ukuta wa parsele chini ya maji, na kamera iliyoupinda

Tangu ziwa Tanganyika lipande, kuna parsele nyingi hapa Uvira ambazo mwenyewe anaweza kuzionyesha kwa kidole tu. Anasimama kando ya maji, ananyosha mkono, anasema: pale, karibu na ile nguzo ya umeme, ndipo mlango wangu ulikuwa. Mtoto aliye naye haoni kitu, ila mawimbi na majani. Wazee wanakumbuka maji ya 1964, ambayo nayo yalipanda, na baadaye yakarudi. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutoa maji, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua zikizidi miaka kadhaa, maji yanajikusanya, na kushuka kwake ni polepole sana. Kwa hiyo wengi waliohama hawaulizi kama maji yatarudi. Wanauliza: siku yatakaporudi, ni nani atakayesema mpaka wa nani ulikuwa wapi?

Mama mmoja mjane aliyekuwa akiishi kando ya ziwa, na ambaye sasa analala na watoto wake kwa mdogo wake kule juu karibu na mlima, alisikia kwamba jirani wake wa zamani anawaambia watu kuwa ukuta kati ya parsele zao ulijengwa kwa wizi, mita mbili ndani ya udongo wake. Jirani huyo naye ni mhami, nyumba yake nayo iko majini. Watu wawili wasio na nyumba wanagombania ukuta usioonekana. Anayecheka hajawahi kuhama. Waliokimbia vita kutoka milimani wanalijua jambo hili vizuri: unapoondoka, mpaka wako unabaki bila shahidi.

Sheria ya Julai 20, 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inashikwa kwa karatasi. Karatasi za mama huyu zililowa usiku ule maji yalipoingia, na iliyobaki haisomeki vizuri kwenye tarakimu, yaani pale panapohitajika zaidi. Ndipo akamwendea kijana mmoja anayepiga video za harusi na za mazishi, kwa kuwa alisikia ana kamera inayoingia majini.

Kamera yenyewe ni ile ndogo, ya kufunga kichwani au kwenye pikipiki. Watu huziita zote GoPro, hata zile zisizo GoPro. Inakaa ndani ya kasha la plastiki gumu lenye kioo bapa mbele. Kijana huyo alikwisha kuijaribu ziwani na hakupenda matokeo. Nchi kavu kamera inashika karibu uwanja mzima, lakini majini picha inabana, kama vile mtu anachungulia kwenye tundu la mlango.

Sababu yake si ubovu wa kamera. Mwanga unapotoka majini na kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha, unapinda. Kila mvuvi anaujua mpindo huo: kafi ukilitia majini linaonekana limevunjika. Kwa kioo bapa, mpindo huo unafanya kila kitu kionekane kikubwa zaidi kwa karibu theluthi moja, na karibu zaidi. Jiwe lililo mita moja mbele linaonekana kama liko sentimita 75. Na kitu kikionekana kikubwa, vichache vinaenea ndani ya picha. Kamera yoyote, hata ya bei gani, ikiwa nyuma ya kioo bapa majini haiwezi kuona zaidi ya digrii 97 hivi. Huo ni mpaka wa maji yenyewe, hauongezeki kwa kununua kamera nyingine.

Wenye viwanda nao walihangaika. GoPro za HD za kwanza, kabla ya 2012, zilikuwa na kasha lenye kioo cha mviringo kama kidonge. Kioo cha namna hiyo kinahifadhi upana wa picha, lakini majini kinaleta taswira karibu sana na kamera, na kamera hizo hazina uwezo wa kurekebisha macho yao, zimewekwa kuona mbali. Watu walizamia, wakarudi na video ya ukungu. Hero3 ilipotoka mwaka 2012 ilikuja na kasha la kioo bapa: picha ikawa safi, upana ukapotea.

Kijana wetu alijaribu kwanza lenzi za kubana kwenye simu, zile zinazouzwa barabarani pamoja na chaja na masikio ya redio. Nchi kavu zinapanua picha kweli. Alifunga moja mbele ya kasha kwa mpira wa baiskeli, akaitumbukiza, na upana ukapotea karibu wote. Lenzi ya namna hiyo inafanya kazi kwa sababu kioo chake kimepakana na hewa. Kikigusana na maji, nguvu yake ya kupinda mwanga inabaki kama theluthi moja tu. Fedha ile ilipotea hivyo.

Lenzi ya kweli ya majini ilimfikia kupitia Bujumbura, imekwisha kutumiwa, na mkwaruzo pembeni. Ni nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Mbele ina kioo cha mviringo kama bakuli lililogeuzwa, nyuma yake hewa imefungwa ndani, kisha vioo vingine vinavyopanga mwanga upya kabla haujafika kwenye kamera. Inafungwa mbele ya kasha, na nafasi iliyo kati yake na kasha lazima ijae maji. Hapo wengi wanakosea. Ukiifunga ukiwa juu ya mtumbwi, hewa inabaki katikati, na video yote inakuwa na duara la fedha linalocheza kama mwezi. Dawa yake ni kuitumbukiza kamera, kuilegeza lenzi kidogo ndani ya maji, kuipapasa mpaka mapovu yatoke, ndipo kuikaza tena. Kijana anaifunga pia kwa uzi wa kuvulia samaki, maana ikiponyoka inakwenda chini bila kuaga.

Wengi wanadhani lenzi pana ni ya kuonyesha mandhari, samaki wengi kwa mara moja, kama filamu za wageni kule kusini mwa ziwa ambako maji ni ya buluu na unaona mbali. Hapa Uvira kazi yake ni nyingine kabisa. Mito inashuka na udongo wa milima. Tangu Mulongwe ilipofurika Aprili 2020, kila mtu anajua ni udongo kiasi gani unaoweza kuteremka kwa usiku mmoja. Kando ya ziwa, siku nyingine huoni zaidi ya urefu wa mkono. Ukitaka ukuta uenee ndani ya picha, unarudi nyuma, na kila unaporudi nyuma unaongeza matope kati yako na ukuta. Lenzi pana inakuruhusu usirudi nyuma. Ukiwa nusu mita kutoka ukutani na kioo bapa peke yake, unapata chini ya mita moja ya ukuta. Ukiongeza lenzi ya digrii 130, kwa nusu mita ileile unapata zaidi ya mita mbili. Matope ni yaleyale, lakini sasa kuna kitu cha kuona.

Walitoka alfajiri, kabla upepo haujaamka, kijana na mvuvi mwenye mtumbwi. Hakuna aliyezamia, na hilo ni jambo la kusifiwa. Pale chini kuna vyoo vya nyumba zote za avenyu, na Uvira inaijua kolera tangu zamani. Viboko nao wamejifanyia njia kati ya kuta. Kamera ilifungwa kwenye mti mrefu wa mwanzi, ikashushwa ikiangalia chini, na mtumbwi ukasogezwa polepole kufuata ukuta. Tochi waliiwasha mara moja wakaizima: mwanga wake uligonga matope na kurudi machoni, kama taa za gari ndani ya ukungu wa milimani.

Ukuta ulikuwapo. Sehemu kubwa imeanguka, lakini msingi wa mawe na mistari miwili mitatu ya matofali imebaki. Kwenye video ilionekana hata ngazi ya nyumba, na sufuria lililogeuka juu yake. Mama alipoiangalia kwenye simu ya kijana hakusema kitu kwa muda. Alikaa na lile sufuria.

Kesho yake wote walikutana kwa shefu wa avenyu: mama na kaka yake, jirani na mtoto wake mkubwa, na watu wa kuangalia tu, ambao hawakosekani. Video ikachezwa. Jirani hakungoja iishe. “Shefu, angalia mwenyewe. Ukuta una tumbo, na tumbo limekuja kwangu.” Na kweli, kwenye simu ukuta ulikuwa na tumbo. Kila sehemu iliyopita kwenye picha ilivimba kuelekea upande wa jirani, kisha ikarudi, kama nyoka aliyelala. Kaka wa mama naye alikuwa na lake: angalieni nafasi kati ya ngazi na ukuta, ni uwanja wa mpira, parsele ya dada yetu ni kubwa kuliko tulivyosema!

Lenzi ileile iliyompa mama mita za ziada ndiyo iliyompa jirani tumbo la ukuta. Lenzi pana inasukuma dunia yote kuingia kwenye duara dogo, na mistari iliyonyooka inalipa gharama. Mstari ulio pembeni mwa picha unapindika, katikati yake ikivimba kwenda nje. Umbali nao unadanganya: kilicho karibu sana kinakuwa kikubwa, na kilicho nyuma kidogo tu kinakimbia mbali. Mtumbwi ulikuwa umepita upande wa mama, kwa hiyo ukuta wote ulikuwa pembeni mwa picha, upande wa kulia, pale lenzi inapopinda zaidi. Wangepita upande wa jirani, tumbo lingekwenda kwa mama, na mabishano yangekuwa yaleyale na wasemaji wamebadilishana viti.

Kijana alijua kwamba picha imepinda, kwa sababu kwenye harusi kamera hiyo huwafanya walio pembeni kuwa wanene na wanamlalamikia. Lakini kumwambia baba mtu mzima aliyehama kwamba anachokiona kwa macho yake si kweli, hilo halitoshi kwa maneno. Shefu naye alifanya busara: hakuamua chochote siku hiyo. Aliuliza swali moja tu, kama kuna namna ya kupiga picha ambayo haitamfurahisha mtu yeyote.

Namna ipo. Lenzi hizi, hata zikipinda vipi, haziupindi mstari unaopita katikati kabisa ya picha. Wa pembeni unavimba, wa katikati unabaki umenyooka. Safari ya pili mtumbwi ulipita juu ya ukuta wenyewe, na kijana akaushika msingi katikati ya picha mwanzo hadi mwisho. Kando ya matofali walilaza fito la chuma lenye rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 10, ili anayeangalia asikadirie kwa macho. Kisha wakavuta kamba yenye fundo kila mita, kutoka chini ya nguzo ya umeme hadi jiwe la kona, wakaifunga mawe ili isielee. Mwisho mmoja wa kamba aliushika jirani mwenyewe, akiwa kwenye mtumbwi wa pili. Hilo lilikuwa wazo la mama. Alisema asiposhika kamba leo, kesho atasema kamba ilikatwa.

Video ya pili ni mbaya kuitazama. Ni matofali na mafundo tu, dakika baada ya dakika, bila sufuria wala ngazi. Ukuta umenyooka. Mafundo yalihesabiwa kwa sauti nyumbani kwa shefu, mara mbili. Parsele ya mama, ambayo yeye aliitaja siku zote kama mita 15 kwa upana, ilitoka 14 na kidogo. Zile mita mbili za jirani zikawa chini ya moja, na kuhusu hiyo iliyobaki bado hawajapatana. Shefu aliandika karatasi, wote wakatia sahihi, jirani akitia yake chini kabisa kwa herufi ndogo. Karatasi hiyo si hukumu ya tribinali, wala haichukui nafasi ya ile ya kadastre. Inasema tu kwamba siku hiyo, mbele ya watu fulani, ukuta ulipimwa na ulikuwa mahali fulani.

Mama aliomba nakala ya video zote mbili. Kadi ndogo ya kamera iko ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi zake zilizolowa na kadi za chanjo za watoto. Ya pili ni ya shefu, alisema. Ya kwanza anaiangalia mwenyewe, kwenye simu ya mdogo wake, jioni.

Kijana sasa anaitwa na familia nyingine, upande wa Kalundu, ambako maji ni ya kina zaidi na kiboko mmoja amekataa kuhama. Amewaambia waanze kutafuta kamba.