Mijusi wa Yatima: Namna Tunavyotunza Midoli ya Zamani



Leo hatuji na mishono. Wageni wanaopita kwetu Kasulu, na hata jamaa wa nyumbani, wametuuliza mara nyingi: vipi wanawake wawili watu wazima, mafundi cherehani, wanaweka kabati zima la midoli ya dinosauri, ile mijusi mikubwa ya kale? Na jee, inafaa katika nyumba ya Muislamu? Tumeona tuandike, kwa sababu jibu lake lina mambo mawili yatakayomfaa kila mama: namna ya kutunza plastiki ya zamani isiharibike, na namna ya kushika mali ya yatima bila ya kuingia katika dhulma.

Ni mali ya nani?

Sisi ni ndugu wawili. Tuna duka la ushonaji Kasulu mjini na jengine Kibondo. Aliyetutangulia huku ni kaka yetu, aliyekuwa akiuza mitumba Kibondo. Akifungua belo la vitu vya watoto, nguo anazipeleka mezani, lakini akimkuta dinosauri anamtia mfukoni. Ilianza kama mzaha, ikawa mapenzi. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mijusi 43, wengi wao wa miaka ya 1970 na 1980, na mtoto wa kiume wa miaka 2. Mtoto huyo sasa ana miaka 10. Mama yake anasimamia duka la Kibondo, na yeye anasoma Kasulu na kulala kwetu.

Watu hudhani mirathi ni nyumba, shamba na pesa za benki tu. Dada zetu, hata sindano ya marehemu ni mirathi. Kwa hiyo mijusi nao waligawiwa kisheria: mama yetu ana sudusi, yaani 1/6, mjane ana thumni, yaani 1/8, kilichobaki ni cha mtoto. Sisi dada zake hatuna kitu, kwani mtoto wa kiume anatuzuia. Mama na wifi yetu walisamehe mafungu yao katika mijusi mbele ya mashahidi, wakamwachia mtoto wote 43. Kisha tukakabidhiwa sisi tuwatunze.

Hapo ndipo mchezo ulipokuwa si mchezo tena. Suratun Nisaa, aya ya 10, inawaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwamba wanachotia matumboni mwao ni moto. Aya ya 6 inaamrisha yatima wakifikia umri na wakaonekana wana busara wakabidhiwe mali yao, na wawepo mashahidi. Haikusemwa kuwa mali hiyo lazima iwe dhahabu. Mdoli wa plastiki wa yatima ni mali ya yatima.

Pazia la Bi Aisha

Kaka aliwaweka mijusi sebuleni, kwenye kabati la vioo. Mama yetu alipokuja kututembelea kutoka Unguja alikataa kusali sebuleni humo. Alisema malaika hawaingii penye masanamu, na hadithi hiyo ni mashuhuri, hatukuwa na la kubishana naye.

Tulimwendea sheikh wa hapa mjini. Akatueleza kuwa wengi wa wanazuoni wametenganisha mambo mawili: sanamu la kupambia nyumba, ambalo wamelikataza, na mdoli wa mtoto kuchezea, ambao wameuruhusu, ingawa wako waliokaza zaidi. Akatukumbusha habari ya Bi Aisha (R.A.) iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Mtume (S.A.W.) alirudi safari, upepo ukafunua pazia la shubaka alimokuwa Bi Aisha akiweka wanasesere wake. Miongoni mwao mlikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Mtume akauliza ni nini, na vipi farasi awe na mbawa. Bi Aisha akajibu kwa kuwataja farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Sisi mafundi tuliisikia hadithi hii zamani, lakini safari hii masikio yetu yalikamata vitu viwili: matambara na pazia. Wanasesere wale walikuwa na mahala pao, shubaka, na mbele yake palikuwa na kitambaa. Walikuwa wa kuchezea, wakapumzishwa nyuma ya pazia.

Basi kabati tulilihamisha kutoka sebuleni hadi chumba cha mtoto, tukatoa vioo, tukashona pazia zito la rangi ya kahawia lenye bitana nyeupe. Mama akasali sebuleni kwa raha. Na faida ya pili tuliiona baadaye: pazia lile lile ndilo linalowalinda mijusi na jua. Jua ndilo adui wa kwanza wa plastiki. Linapausha rangi na kuifanya iwe kavu, mpaka mkia ukiguswa unakatika.

Namna tunavyowatunza

Huku ni nyanda za juu, si pwani. Kuna baridi ya asubuhi, mvua za kuanzia mwisho wa mwaka hadi Mei, kisha kiangazi chenye vumbi jekundu linaloingia hata kwenye droo iliyofungwa. Huko visiwani mna joto na unyevu wa bahari. Lakini kanuni ni zile zile, na zinafaa kwa midoli yoyote mliyoirithi.

*Kuosha.* Maji vuguvugu, sabuni kidogo ya maji, mswaki laini wa meno. Suuza, futa, kausha kivulini. Mdoli wenye uwazi ndani usiutumbukize. Maji yakiingia hayatoki, na ukungu utaota usikoonekana. Petroli, thina na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ni marufuku kabisa, zinayeyusha plastiki. Na kuna kitu kimoja hatukioshi: kaka alikuwa akiandika kwa kalamu chini ya tumbo au unyayo wa kila mjusi mahala alipompata na mwaka. "Kasulu sokoni 2009." "Kibondo, belo la pili 2012." Hapo tunapita na kitambaa kikavu tu.

*Kufunga.* Fundi ana bahati, vitambaa haviishi. Lakini si kila kitambaa kinafaa. Khanga na vitenge vinachuja, na plastiki laini inanyonya rangi ya nguo isitoke tena. Gazeti nalo linaacha wino. Sisi tunatumia marekani isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara tatu nne mpaka kanji yote ikatoka. Kila mjusi ana mfuko wake wa kukaza kwa kamba ya kitambaa, si mpira, kwani mpira ukizeeka unanata na kuacha doa.

*Hewa.* Plastiki laini, ile inayoitwa PVC, ilitiwa kiwandani mafuta ya kuilainisha. Miaka ikipita mafuta hutoka juu, na mdoli unanata kama ulipakwa asali. Ukiufungia kwenye mfuko wa nailoni usiopumua, unazidi. Uache upate hewa, pahala pakavu pasipo na joto. Na usiulaze juu ya mdoli wa plastiki ngumu, ile inayovunjika kama kitana; mafuta yale yanaweza kuulainisha na kuutia alama.

*Wadudu na harufu.* Dawa ya nondo ni nzuri kwa suti ya sufi, lakini mvuke wake unaharibu baadhi ya plastiki. Karafuu zetu pia, tunazozitia masandukuni kwa khanga: mafuta yake ni makali kwa plastiki, ziwekwe mbali. Moshi wa udi na wa jikoni unaacha utando. Dhidi ya mchwa tumeinua kabati miguu yake juu ya makopo, na hatukuliegemeza ukutani. Wakati wa mvua tunatia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinavuta unyevu.

*Aliyepinda.* Mjusi wa plastiki laini miguu yake ikilegea, itie kwenye maji ya moto kidogo kidogo, inyooshe taratibu kwa vidole, kisha itie maji baridi ili ikae.

*Daftari.* Kila mmoja ana namba, urefu wake kwa futi ya kushonea, rangi, kasoro zake, na maneno ya kaka yaliyo chini ya unyayo. Wifi ana nakala yake Kibondo. Aliyeshika amana bila ya maandishi anajitafutia fitina.

Na jambo moja kwa kina mama wenye wadogo: rangi za midoli ya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni asipewe.

Mjusi wa Tendaguru

Mtoto anawapenda wote, lakini mpenzi wake ni mwenye shingo ndefu. Huyo anatokana na seti ya kampuni ya Invicta ya Uingereza, iliyoanza kutolewa mwaka 1974 kwa ajili ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Wengi wa seti hiyo ni wa rangi moja tu, majina yao yamechongwa tumboni, na walitengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 45. Fundi anaelewa upesi: ni kama kuchora kielelezo kidogo cha gauni kubwa.

Tulipomsomea jina lake, Brachiosaurus, tukamwambia kuwa huyu si mgeni. Mifupa mashuhuri zaidi ya mnyama wa aina yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, enzi za Wajerumani. Mamia ya watu wa kusini walichimba, na msimamizi wao mkubwa alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, kiasi cha mwendo wa siku nne. Leo mjusi huyo amesimama Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13, na wataalamu wengi sasa wanamwita Giraffatitan. Mara kwa mara wabunge wetu huuliza Bungeni lini atarudi, au sisi tunapata nini.

Kilichotugusa ni ufungaji wao. Mifupa ile ilifungwa kwa udongo na mianzi iliyosukwa kama matenga, na baadhi ya vifurushi vilikaa Berlin miongo mingi bila ya kufunguliwa. Mikono ya watu wa Lindi ilifunga vizuri kiasi hicho, lakini waliofunga hawakuwa na sauti juu ya kilichomo ndani. Mtoto alisikiliza, akauliza: "Shangazi, wao waliazima au walichukua?" Swali la yatima hilo.

Wifi alipotaka kuuza

Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi huku aliwaona mijusi akataka kuwanunua wote. Alitaja bei ambayo ingelipa ada ya skuli miaka kadhaa. Wifi akaja kutoka Kibondo, akakaa mkekani, akasema:

"Mawifi zangu, marehemu hakuacha nyumba. Ameacha hawa. Kama hawamsomeshi mwanawe, wana faida gani?"

Hakukosea. Sheria inamruhusu mlezi kuuza mali ya yatima pakiwa na maslahi ya wazi na bei ya haki. Lakini tulijiuliza pia: ada hiyo haina njia nyengine? Ipo, cherehani zinazunguka. Na mtoto huyu hakumbuki sura ya baba yake. Anachokijua ni mwandiko wake chini ya nyayo za mijusi. Maslahi ya yatima si tumbo na skuli tu.

Tukarudi kwa sheikh, sote watatu. Tukakubaliana: waliokuwa pacha, 6, wauzwe, baada ya mtoto mwenyewe kuchagua nani abaki. Pesa hazikuliwa. Tulinunua cherehani ya ovaloki kwa jina lake. Duka letu linaikodi kila mwezi kwa bei aliyoipanga fundi mwengine wa sokoni, si sisi, na wifi anasaini daftari. Mijusi wamebaki 37. Kati yao 12 imara ni wa kuchezewa, wanatoka nyuma ya pazia kila Alkhamisi jioni na siku za mapumziko. Huchezea uani na watoto wa jirani, ambao nao huja na ng'ombe zao za udongo, na mara nyingi ng'ombe wa Buha humshinda mjusi wa Uingereza.

Bado kuna siku inatungoja. Akibaleghe na akaonekana ana busara, tutaita mashahidi, tutafungua daftari, tutampa kabati, ovaloki na hesabu yake. Akitaka kuwauza wote asubuhi yake, kuwagawa, au kuwaweka tena kwenye vioo, hatutakuwa na neno. Tunajizoesha hilo tangu sasa, na si jepesi, kwani tumewashonea mifuko mmoja mmoja.

Dada zetu, angalieni makabatini mwenu. Huenda kuna kitu cha mtoto wa marehemu mnachokiona kuwa takataka. Kifuteni vumbi, kiandikeni, mjue ni cha nani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzirudisha amana kwa wenyewe zikiwa salama, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.