Moshi Ndani ya Kichwa

Msomaji wa tenzi za kale akilikuta neno moyamoya, sikio humwambia kuwa yupo nyumbani, kwani kwa Kiamu moya ndiyo moja. Walakini neno hili ni la Kijapani, na maana yake ni kitu kisichoonekana bayana, mfano wa moshi au ukungu. Mwaka 1969 Jiro Suzuki na Akira Takaku, madaktari wa Sendai, waliueleza ugonjwa ambao mishipa mikubwa ya damu itokayo shingoni huziba taratibu ndani ya fuvu, na hapo penye kizuizi vikachipuka vijishipa vyembamba visivyo idadi. Katika picha za eksirei vilionekana kama moshi wa sigara uliotanda. Jina likabaki.

Watoto hupatwa kwa namna ya ajabu. Mtoto hupuliza tambi za moto, au filimbi darasani, au hulia tu; mara mkono ukalegea, kauli ikapotea, kisha vyote vikarudi. Kuhema sana hupunguza hewa ya kaboni katika damu, nayo mishipa ya ubongo hujikaza, na damu iliyokuwa haba ikazidi kuwa haba.

Upasuaji wake ni kazi ya mshonaji. Mshipa upitao mbele ya sikio, ule udundao ukiguswa kwa kidole, huingizwa katika tundu la fuvu na kushonewa, chini ya hadubini, kwenye mshipa mwembamba ulio juu ya ubongo. Faida yake kwa kiharusi imethibiti: utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 80 waliokwisha kuvuja damu ubongoni, ulionyesha kuwa waliopasuliwa walivuja tena kwa uchache zaidi.

Je, akili nayo hurudi? Hapa ndipo penye uzito. Njaa ya damu huionea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, ipangayo mambo na kushika mawili kwa wakati mmoja. Na amfikirie msomaji malenga aliyepatwa: beti alizohifadhi utotoni anazo zote, lakini akitunga, akikishika kina cha kati, cha mwisho kimemponyoka, akizihesabu mizani, maana imekwenda zake. Wanaomsikia akighani huapa kuwa ni mzima.

Baada ya upasuaji wengine hupata wepesi, wengi hubaki walivyokuwa, na wachache hurudi nyuma, hasa damu mpya ikifurika kwa nguvu siku za mwanzo. Sehemu ya ubongo iliyokuwa na njaa tu yaweza kuamka. Iliyokufa haiamshwi na damu. Na kuna msiba mwingine: picha ya kawaida yaweza isionyeshe kovu lolote, naye akaitwa mvivu na mwajiri, na hata na mwenziwe wa nyumbani.

Kwa hiyo madaktari waangalifu humpima mtu kabla ya kisu: ataje tarakimu kinyumenyume, aunganishe namba na herufi kwa kupokezana, huku saa ikihesabu. Miezi kadhaa baadaye humpima tena vilevile. Asiyepimwa mwanzo hubaki na ushahidi wa jamaa zake tu, nao aghalabu hukumbuka kwamba alikuwa akisema vizuri.