Jua la Bagamoyo na Kofia ya Lenzi

Watu wengi waendao kuhiji Bagamoyo huchukua kamera, au simu yenye kamera, na ni haki yao. Safari ina gharama. Bibi aliyefika huko mara moja pengine hatafika tena, na picha atakayorudi nayo ndiyo itakayotundikwa ukutani. Basi yasikitisha kuiona picha hiyo imepauka kama kitenge kilichofuliwa mara mia, nyuso zimefunikwa na ukungu mweupe, ingawa siku ile hapakuwa na ukungu wo wote.

Ukungu huo hautoki angani. Watoka ndani ya kamera. Lenzi si kioo kimoja, bali mara nyingi ni vioo kadhaa vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Jua likikipiga kioo cha mbele kutoka ubavuni, hata kama lenyewe halimo katika picha, mwanga wake hurukaruka kati ya vioo na kumwagika pasipo pake. Ndipo cheusi hugeuka kijivu, rangi hufifia, na pengine madoa ya mviringo hujipanga mstari mmoja.

Kinga yake ni kofia ya lenzi: kitu kama mkebe mfupi usio na kitako, mweusi usiong'aa kwa ndani, uvikwao mbele ya lenzi. Kazi yake ni ile ile ya kiganja tukiwekacho juu ya macho tutazamapo mbali wakati wa jua.

Tuanzie pwani, penye msalaba unaokumbusha kufika kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Bahari ya Bagamoyo iko upande wa mashariki. Kwa hiyo asubuhi, ukitaka msalaba na maji nyuma yake, jua liko mbele yako. Likiwa ndani ya picha, kofia haina msaada, kwa maana haiwezi kukinga kile unachokipiga picha. Sogea hatua chache hadi jua litoke nje ya ukingo wa picha. Hapo kofia yaanza kazi. Nayo hupunguza pia mng'ao utokao kwenye mchanga na maji, na hukikinga kioo na vidole vya watoto. Mwenye nafasi na angoje alasiri, jua likiwa nyuma yake.

Chini ya miembe ya misioni watu hudhani wamo kivulini, hivyo hawana haja ya kofia. Sivyo. Mshale mmoja wa jua upenyao majani na kuangukia kioo watosha kuharibu picha nzima.

Lakini mahali penye shida zaidi ni kwenye mnara wa kanisa la zamani. Hapo uliwekwa mwili wa David Livingstone mwezi wa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuuchukua kwa miguu kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Kila mtu ataka kupigwa picha na mnara huo mpaka kileleni. Mpigaji hurudi nyuma, huinua kamera, na jua la mchana, ambalo Bagamoyo hupita karibu na utosi, huanguka moja kwa moja juu ya kioo. Hapo utaona tofauti waziwazi: piga moja bila kofia, na nyingine ukiwa nayo.

Kila lenzi ina kofia yake. Lenzi ionayo eneo pana yataka kofia fupi, mara nyingi yenye mapengo kwenye pembe. Ukiivika kofia ndefu, pembe za picha zitakuwa nyeusi. Lenzi ya kuvuta mbali huvaa ndefu. Wengine huiacha imegeuzwa nyuma, kama ilivyokaa mkobani, wakidhani inafanya kazi. Hiyo ni pambo tu.

Asiye nayo, na mwenye simu, asihuzunike. Kiganja au kofia ya kichwani yafaa. Mwombe mwenzako asimame upande wa jua mpaka kivuli chake kiangukie kioo, kisha tazama vizuri kabla ya kupiga, maana vidole hupenda sana kuingia katika picha.