Gari la Spoti, Theluji na Ndoa Yangu

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu. Wapo wanaogombana kwa sababu ya mawifi, michango ya harusi au meseji za usiku wa manane. Mimi na mwenzangu tuligombana kwa sababu ya gari. Tena siyo kwa sababu ya bei yake, wala ya nani kapewa lifti. Tuligombana kwa sababu ya theluji.

Msomaji wangu, usicheke. Ukikaa Minneapolis, kule jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, theluji siyo picha ya kadi ya Krismasi. Ni mgeni anayeingia Novemba na kuna miaka anagoma kuaga mpaka Aprili.

Tulikaa huko miaka mitatu kwa ajili ya masomo na kazi ya mwenzangu. Kiangazi cha mwaka 2018 akanunua gari aliloliota tangu yuko sekondari: la spoti, milango miwili, liko chini, injini mbele, na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Lilikuwa limetumika lakini jamani, lilikuwa zuri! Kiangazi chote tulikuwa kama wachumba. Hata mkate uliniishia kila jioni ili tupate sababu ya kwenda dukani.

Oktoba ikafika. Majirani wakaanza kutuonya: "Hilo liuzeni, au lifungieni mpaka Aprili." Sisi tulikuwa na gari moja tu, yeye anaingia shifti ya usiku, na mimi nilikuwa na mimba changa. Nikamwambia wazi, "Baba, theluji ikianguka mimi humo sipandi."

Akanijibu, "Kumbe mama unaniona dereva mbovu?"

Hapo ndipo penyewe. Mimi nilizungumzia tairi, yeye akasikia uanaume wake unapimwa kwenye mizani. Wiki mbili tulikuwa tunasalimiana kama wapangaji. Na wengi wetu tunavunjikia hapo hapo: mmoja anasema anaogopa, mwenzake anasikia anadharauliwa.

Hofu yangu haikuwa ya kujitungia. Kama umewahi kuendesha Toyota Mark II kwenye tope la masika, unanielewa. Uzito wa injini uko mbele, kazi ya kusukuma iko nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, tairi za nyuma zinazunguka bure, mkia unatoka pembeni, na gari linataka kugeuka litazame lilikotoka. Sasa lipe injini yenye nguvu, lishushe chini, kisha liweke juu ya barafu. Nguvu zile unazojivunia kiangazi ndizo zinazokuangusha.

Kilichotuokoa ni kuacha kumjadili dereva na kuanza kujadili gari. Jumamosi moja tukakaa mezani na kikokotoo. Kuliuza wakati ule kungekuwa hasara, maana baridi ikikaribia nani anataka spoti? Kununua gari la pili ni bima ya pili na maegesho ya pili. Ikabaki tairi za majira ya baridi.

Zile tairi siyo urembo. Tairi za kiangazi, hasa za magari ya spoti, zinaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Zinakuwa ngumu na haziishiki barabara. Za majira ya baridi zina mpira laini na mikato midogo mingi inayong'ata theluji. Zinatambulika kwa alama ubavuni: mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Na unafunga zote nne. Ukifunga za nyuma peke yake, gari litaondoka vizuri, lakini kukata kona na kusimama utamwachia Mungu.

Mwenzangu akasema gari lina mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuserereka. Ni kweli, Marekani magari madogo yote mapya lazima yawe nao tangu matoleo ya 2012. Lakini mfumo ule unagawa mshiko uliopo tu. Kama tairi haina mshiko, hakuna cha kugawa.

Basi tukakubaliana masharti matatu, tukayabandika kwenye friji. La kwanza, tairi nne kabla ya chochote kingine, hata kitanda cha mtoto. La pili, yeyote kati yetu akisema "leo hapana", ni hapana, bila maelezo. La tatu, mazoezi.

Mazoezi tulifanya Jumapili asubuhi, kwenye eneo kubwa la maegesho tulilopewa ruhusa, hakuna mtu wala nguzo. Gari la gia za mkono: kwenye utelezi unaondokea gia ya pili, klachi taratibu. Mkia ukitoka, unalegeza mguu kwenye mafuta, hukanyagi breki kwa hofu, usukani unaupeleka upande ule ule mkia unakokimbilia, na macho yako yanatazama unakotaka kwenda. Siyo kwenye mtaro. Mikono inafuata macho.

Tarehe 30 Januari 2019 baridi ikafika karibu nyuzi 33 chini ya sifuri. Hata posta walisitisha kupeleka barua. Nikasema "leo hapana". Mwenzangu akapiga simu kazini, akarudi kujifunika blanketi. Hakuna aliyemwita mwenzake mwoga.

Februari ile theluji ilianguka karibu mita moja kwa jumla, ya juu kuliko Februari zote zilizorekodiwa pale. Siku moja tunatoka kliniki, mimba ya miezi saba, kwenye kona ya kuingia barabara kuu nikausikia mkia unaondoka. Moyo ukaruka. Nikamtazama: mguu kaulegeza, macho mbele, mikono inageuza taratibu kama Jumapili ile. Gari likajinyoosha. Tulikwenda kilomita nzima hatujasema neno. Kisha akauliza, "Mko salama wote wawili?" Mtoto alikuwa anapiga teke kama kawaida.

Leo mtoto huyo anasoma shule ya msingi Dar es Salaam, na gari tuliliuza kabla ya kurudi, kiangazi, kwa bei nzuri.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda Minnesota, Kanada au Sweden na ndoto yako ya Mustang au Mazda MX-5, nakwambia inawezekana. Weka bajeti ya tairi kwenye bei ya gari, siyo baadaye. Jifunze pasipo na watu kabla ya kujifunza penye watu.

Na wewe unayekaa siti ya pembeni, sema hofu yako mapema, gari likiwa limezimwa, tena itaje kwa jina: ni tairi, ni kona, ni mwendo. Ukisema "wewe huwa hunisikilizi", mtagombana mpaka theluji iyeyuke. Ukisema "tairi hizi hazifai", mnaweza kwenda dukani pamoja.